Jicho la Chuma Lililofungiwa Kabatini

Huku kwetu mpakani mtu hununua godoro, akalilalia mpaka likaingia bonde katikati, na nailoni ya dukani bado iko juu yake, inapiga kelele kila anapojigeuza. Vikombe vizuri hukaa kwenye kabati la kioo vikimngoja mgeni, na mgeni akija hupewa chai kwenye kikombe cha plastiki kwa sababu funguo hazionekani. Redio huvalishwa kitambaa cha kufuma. Nimekulia katika nyumba za namna hiyo na sikuwahi kuona ubaya wake, mpaka nilipoanza kazi ya macho. Tangu hapo, nikiona kitambaa cha kufuma juu ya kitu chochote chenye kazi ya kufanya, roho inanichafuka.

Nilikuwa nesi katika kituo kimoja cha afya Tunduma, miaka ile biashara ilipofunguliwa na mji ukaanza kuumuka. Siku hizi tuna mkoa wetu wa Songwe na watu wanautaja kwa kujidai, lakini wakati huo tulikuwa Mbozi tu, mkoa wa Mbeya, mwisho wa nchi. Malori yalipanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia, na dirisha la chumba chetu cha macho lilitazama foleni hiyo. Vumbi liliingia, moshi uliingia, na lori zito likipita hata chupa za dawa ziligongana kwenye rafu. Wagonjwa walitoka kila upande. Wafugaji waliohamia Momba na ng'ombe wao walikuja na ugonjwa wa vikope uliokwisha kuwageuza kope kwa ndani. Wazambia walivuka kuja kwetu, wakaniita "bamayo", yaani mama, kwa heshima zote, wakalalamika kwamba foleni yetu ni ndefu kuliko ya forodha. Wakulima wa kahawa walikuja na mtoto wa jicho.

Mkuu wetu wa kitengo alikuwa mtu mzima, mganga msaidizi aliyesomea macho, mwenye mikono laini na sauti ya kubembeleza. Niseme haya mapema, kwa sababu msomaji ataanza kumtafutia pembe na mkia, na hakuwa navyo. Hakuwahi kumfokea mgonjwa. Hakuiba hata pamba. Alichokuwa nacho ni hofu. Aliyemtangulia alihamishwa kwa aibu kwenda zahanati ya mbali kwa sababu kifaa kimoja kilipotea mikononi mwake, na huyu wetu akaapa kwamba katika zamu yake hakitapotea hata kifuniko. Funguo za kabati alizifunga kwenye kamba kiunoni. Zililia alipotembea, na ndivyo tulivyojua anakuja.

Wafadhili ndio waliotuletea kipimo cha presha ya jicho. Presha hii si ile ya kufungwa mkanda kwenye mkono. Ndani ya jicho mna maji, na maji hayo yakizidi, jicho hukakamaa na kuubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Linafanya hivyo polepole, mara nyingi bila maumivu, likianzia pembeni, mpaka mtu anabaki anaitazama dunia kwa kitundu, na mwisho kitundu nacho kinazibika. Kilichokwisha kufa hakirudi. Dawa inalinda kile kilichobaki tu, kwa hiyo anayegunduliwa mapema ana bahati na anayechelewa hana.

Kipimo chenyewe kilikuwa kitu kidogo cha chuma, kinaenea kiganjani. Mgonjwa analala chali, unamtia matone ya ganzi, unamwambia atazame alama iliyochorwa darini, unakisimamisha kipimo juu ya kioo cha jicho. Kijiti cha chuma kinachocheza ndani ya mrija wake kinalibonyeza jicho, na mshale mwembamba unasogea kwenye namba. Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, maana kinasoma kinyume. Jicho laini linabonyea, kwa hiyo mshale unakwenda mbali. Jicho gumu halibonyei, na mshale unabaki karibu na sifuri. Namba ndogo ndiyo ya kuogopwa.

Kilikuja ndani ya kisanduku chenye bitana ya mahameli ya buluu, kila kitu na shimo lake. Palikuwa na kipimo, palikuwa na vijiwe vya kuongezea uzito, na pembeni palikuwa na kipande cha chuma cha mviringo, kimenyanyuka kidogo katikati kama jicho lilivyo, kinang'aa. Sisi tulikiita jicho la chuma.

Nilipelekwa kozi ya macho mbali na nyumbani. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mkali ambaye hakucheka hata siku ya kuagana. Kila asubuhi alisimama nyuma yetu na kusema maneno yaleyale: "Mgonjwa wako wa kwanza ni chuma. Chuma hakibonyei. Mshale ukisimama kwenye sifuri, ita watu. Usiposimama, usimguse mtu." Alitufundisha kukifungua kipimo baada ya kazi, kukichomoa kijiti, kukipitisha pamba yenye spiriti, kukiacha kikauke, kukirudisha. Alitukataza kabisa kutia mafuta ya cherehani, kwa sababu alitujua, anajua Mtanzania akiona chuma kinakwama anatafuta mafuta ya cherehani. Nilirudi Tunduma nikiwa na hamu ya kazi kama bibi harusi.

Nilikuta kipimo kimeviringishwa kwenye gozi la kufungia vidonda, kimelazwa ndani ya droo pamoja na mikasi na vibanio. Kisanduku hakikuwepo mezani.

"Nimekiweka ndani, Sista," Mkuu aliniambia. "Ile mahameli ilikuwa inaingia madoa ya spiriti."

"Na jicho la chuma?"

"Lipo ndani, mahali pake. Salama kabisa."

"Mkuu, lile ni la kutumia kila asubuhi."

"Sista," alisema kwa ule upole wake, "kile ni kitu cha makabidhiano. Wakija wenyewe wakakuta shimo moja liko wazi, utawaambia nini? Kipimo si ninacho nje? Kinapima. Unataka nini tena?"

Kabati lilikuwa la chuma, rangi ya kijivu, na juu yake mke wake alikuwa ametandika kitambaa cheupe chenye maua. Nilikitazama kile kitambaa, nikarudi kazini. Nikaomba tena juma lililofuata, na mwezi uliofuata. Kila mara alinijibu kwa adabu, na kila mara niliondoka mikono mitupu. Wapo wanaoniuliza leo, wakiwa wameketi vizuri kwenye makochi yao, kwa nini sikuvunja kabati. Nawajibu kwamba nilikuwa na watoto wa kulisha na kazi moja, na anayevunja kabati la serikali hapimi macho ya mtu tena.

Droo ile ilikuwa ya mbao, na mbao huku kwetu hufura masika. Kuifunga ilikuwa mpaka uisukume kwa nyonga. Ni siku gani, ni nani aliyeisukuma, na ni mkasi upi uliolala juu ya mshale, hakuna ajuaye na wala sitamsingizia mtu. Ninachojua ni kwamba tulianza kukosa wagonjwa wa presha ya macho. Tuliwapima watu wa rika zote, namba zikatoka nzuri, zote nzuri, siku baada ya siku. Mkuu alifurahi. Alisema watu wa huku wana macho yenye afya kwa sababu ya hewa ya milimani na maharage. Alilisema hilo hata kwenye kikao, na watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Wapo wazee niliowashika macho kwa vidole, ile namna ya kale ya kumwambia mtu atazame chini, unaweka vidole viwili vya shahada juu ya kope na kubonyeza kwa zamu. Niliyahisi magumu, na kipimo kikaja juu yake kikasema ni laini. Nilimweleza Mkuu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Sista, vidole vyako vimepimwa na nani?"

Mpaka leo nikilikumbuka swali hilo nashikwa na hasira, kwa sababu lilikuwa swali zuri kabisa, na aliyeliuliza ndiye aliyekuwa amefungia jibu lake kabatini.

Shangazi yangu aliishi Nanyala, juu kidogo ya barabara kuu. Ni dada yake baba, na mama yangu alipofariki nikiwa mdogo ndiye aliyenichukua, akanilea, akanisomesha kwa kahawa yake. Alikuwa mwanamke wa kutembea haraka na kusalimia kila mtu. Kwenda naye gulioni Mlowo ilikuwa adhabu, maana kila hatua alisimama, shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, yule aliyekuwa anaumwa mguu anaendeleaje. Basi watu wakaanza kuleta maneno. Wakasema siku hizi anawapita. Mtu yuko kandokando yake kabisa, amemkunjia goti, yeye anapita kama hajaona. Wakasema maringo yamemwingia tangu mtoto wa kaka yake awe nesi. Mwanamke mmoja waliyekua pamoja aliacha kuja kumsaidia kuchuma kahawa kwa sababu hiyo. Shangazi aliumia sana, akawa anaapa kwamba hakumwona mtu. Na kweli hakumwona. Alikuwa anajigonga kwenye mibuni aliyoipanda kwa mikono yake.

Aliponiambia, nilimwambia aje upesi. Akaja Tunduma kwa basi la asubuhi, kitenge kipya, kikapu cha mayai. Kwa bahati yangu mbaya, siku hiyo nilikuwa nimehamishiwa wodi ya wazazi kuziba pengo la mwenzangu, na nilikuwa na mama aliyekuwa anajifungua mapacha. Mkuu aliposikia huyo ni mama yangu mlezi, alimchukua yeye mwenyewe. Alimpa kiti, akamwamkia, akamlaza, akampima macho yote mawili kwa utaratibu. Nilipotoka wodini nilimkuta shangazi amesimama barazani, anacheka.

"Mkubwa wako ana maneno matamu huyu! Ameniambia presha safi. Ameniambia nina macho ya msichana."

Macho ya msichana. Aliyarudia maneno hayo kwenye basi, akayarudia Mlowo, akayarudia Nanyala nzima. Wote waliosema ana maringo sasa walijua kwa hakika kwamba ni maringo, maana hospitali imethibitisha macho hayana kasoro.

Lakini jioni ile, kabla hajaondoka, alikuja kwangu kunywa chai. Nilimwambia atazame chini, nikamwekea vidole juu ya kope. Jicho la kulia lilikuwa gumu kama parachichi lililoangushwa na upepo kabla ya wakati wake. La kushoto lilikuwa na nafuu kidogo tu.

"Shangazi, twende Mbeya, hospitali kubwa. Kesho hii hii."

"Kufanya nini?"

"Wakupime tena. Kipimo chetu sikiamini."

Alikiweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu, nimepimwa na mkubwa wako, kwa chombo. Wewe umenishika kwa vidole. Sasa nimwache mwenye chombo nikufuate wewe mwenye vidole? Atasikiaje, kwamba nimepita juu yake? Si utapata shida kazini?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hata akiwa anapofuka alikuwa ananilindia kazi. Nilibembeleza, nililia, nilimkasirikia. Nilimtuma kaka yangu mkubwa aongee naye. Alimjibu vilevile, kwamba amepimwa na chombo hakina chuki wala mapendeleo. Misimu miwili ya kahawa ilipita hivyo. Alianza kuchuma mbichi pamoja na mbivu, akalaumu mwanga. Nami kila nilipokwenda kumsalimia nilimwona akigeuza kichwa kizima kama kuku ili anione, na nilirudi Tunduma nikiwa nimejaa maneno ambayo sikuwa na wa kumtolea.

Kisha wageni kutoka kwa wafadhili wakaja kukagua mradi. Tulipiga deki, tukapaka chokaa kwenye mawe ya njiani, tukavaa sare mpya. Kabati lilifunguliwa. Kitambaa cha maua kilikunjwa, na kisanduku kikawekwa mezani, mahameli yake haina hata doa. Mkuu alikirudisha kipimo ndani ya shimo lake kama anamlaza mtoto. Wageni walivutiwa. Mmoja akauliza kama kuna mwenye swali, nikasimama kabla hofu haijanizuia.

"Naomba kuonyesha tunavyokihakiki," nilisema.

Nililiweka jicho la chuma mezani, nikakisimamisha kipimo juu yake. Mshale ukasogea, ukatetemeka, ukatulia kwenye tatu.

Nilieleza. Nilisema chuma hakibonyei, hapo palitakiwa kuwa sifuri. Nilisema kila jicho tulilopima limeongezewa tatu za bure, na jicho gumu likiongezewa tatu linasomeka kama jicho zima. Nilisema kuna watu wako vijijini huko wanapofuka wakiwa wameambiwa ni wazima. Nadhani sauti yangu ilipanda. Kiongozi wa wageni aliinama, akautazama mshale, akarudi nyuma.

"Ni tofauti ndogo hiyo," alisema. "Itarekebishwa. Ila hongereni kwa utunzaji. Vituo vingine tulivyopita, hata kisanduku chenyewe hakijulikani kiliko."

Wakapiga makofi, wakaenda kula pilau. Mkuu hakunikasirikia, na afadhali angenikasirikia. Alikifuta kipimo, akakitoa tena nje kwenye gozi lake, akakirudisha kisanduku kabatini pamoja na jicho la chuma, akafunga, akatandika kitambaa, akakinyoosha pembe zake.

Sikungoja kesho, jioni ileile nilipanda basi hadi Nanyala. Safari hii sikuwa na vidole peke yake. Nilimwambia shangazi nilichokiona, mbele ya kaka yangu, na nikamwambia kwamba chombo kimedanganya. Kisha akauliza, "Wageni nao wameona?" Nikamwambia wameona. Akasema, "Basi twende."

Mbeya walimpima kwa mashine mbili tofauti, na zote zilisema neno moja. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alinivuta pembeni. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na uwazi mdogo katikati. Watalifanyia upasuaji, watampa matone ya kutia maisha yake yote, ila hawaahidi kitu. Akaniuliza, bila ubaya, "Mbona mmechelewa hivi, na wewe ni nesi wa macho?" Nilitaka ardhi inimeze. Nilimjibu kwamba tulipimwa.

Niliporudi kazini nilimweleza Mkuu. Macho yalimjaa machozi, ya kweli kabisa. Jumapili yake alifunga safari mpaka Nanyala na kuku mkononi kumpa shangazi pole, wakaongea, wakasali pamoja. Shangazi alimpokea kama mbunge. Alipoondoka shangazi aliniambia, "Yule baba ana roho nzuri, usimseme." Jumatatu nilimwomba Mkuu kisanduku. Akasema tusubiri, fundi wa mradi akija atakitazama yeye mwenyewe, tusichokonoe kitu cha watu. Huyo fundi hajaja mpaka leo.

Nikaanza kutoa tatu kichwani. Kila nilichosoma, nilitoa tatu, na ghafla watu wa hewa ya milimani na maharage wakawa na presha ya macho kama watu wengine duniani. Nikawapeleka Mbeya mmoja baada ya mwingine. Mkuu akipima yeye, aliandika kama mshale ulivyosema. Mgonjwa mmoja akatupitia sote wawili, akatoka na majibu mawili, na Mkuu akaniita pembeni kuniuliza kama sasa nimeanza kubuni namba. Nami sikuwa na uhakika wowote. Droo iliendelea kusukumwa kwa nyonga. Tatu ya mwaka uliopita ingeweza kuwa mbili, ingeweza kuwa nne, na kitu pekee cha kunijulisha kilikuwa hatua chache kutoka kiti changu, nyuma ya bati la kijivu. Nilifanya kazi hivyo kwa miaka, nikikisia, na nilichoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Hapo katikati tuliletewa pia mashine ya kusomea miwani, ile unayochungulia kwa jicho moja kujua lenzi ina nguvu gani. Mkuu aliipenda sana, kwa hiyo hatukuigusa. Ilikaa ofisini kwake kona ya giza, ndani ya nailoni yake, chini ya kitambaa chake. Mbozi ina mvua nyingi na ukungu unaopenya kila mahali. Tulipokuja kuifunua, ndani ya lenzi zake kulikuwa kumeota kuvu, nyuzi nyeupe zimetawanyika kama utando wa buibui. Nje ilikuwa mpya kabisa. Fundi tuliyemwita alisema ingetumika kila siku, ikapata hewa na mwanga, isingekuwa hivyo.

Mkuu alistaafu kwa heshima kubwa. Palikuwa na soda, palikuwa na ng'ombe, kwaya iliimba. Siku ya makabidhiano kila shimo la mahameli lilikuwa na kitu chake, hakuna hata kijiwe kimoja kilichopungua. Alisifiwa hadharani kwa kutunza mali ya umma, akakabidhiwa saa ya ukutani, na watumishi vijana waliambiwa waige mfano wake. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Nilimtazama akitabasamu pale mbele na nikajua kwamba atalala usingizi mwema siku zote za uzeeni, na nilimchukia kwa mara ya kwanza, baada ya kuwa naye miaka yote ile.

Funguo wakanipa mimi. Nilifungua kabati siku hiyohiyo. Nilikichukua kipimo na jicho la chuma nikaenda navyo sokoni kwa fundi saa, mzee wa miwani minene anayekaa kati ya wauza vitenge na wabadilisha kwacha. Nilimweleza tatizo. Aliweka lenzi yake jichoni, akalegeza skrubu moja, akaunyoosha mshale kwa kibanio, akakaza. Akanirudishia. Nilikisimamisha palepale kwenye meza yake, na mshale ukaja sifuri, ukatulia. Chai aliyokuwa ameimimina nilipofika ilikuwa bado inatoa moshi. Nilikaa kwenye benchi lake nikalia mbele ya watu, na wauza vitenge wakadhani nimefiwa.

Tangu siku hiyo, mgonjwa wetu wa kwanza kila asubuhi alikuwa chuma. Mahameli ikaingia madoa ya spiriti mpaka ikabadilika rangi. Nesi mpya akiniuliza kwa nini tusiitunze, nilikuwa namjibu vibaya kuliko alivyostahili.

Upasuaji wa Mbeya ulimpa shangazi muda, lakini haukumpa macho. Matone yalikuwa yakiadimika, jicho la kushoto likazidi kujifunga, na mwisho alikuwa anatambua jua na kivuli, kisha hata hivyo vikaondoka. Wale waliosema ana maringo walikuja kumwomba radhi. Aliwasamehe wote, na akawa anawasalimia kwa sauti kila aliposikia nyayo, hata za mbuzi.

Siku moja alimwomba kaka amlete Tunduma. Aliingia chumbani kwangu ameshikwa mkono, akakaa kitandani, akasema anataka kupimwa.

"Shangazi, ya nini tena?"

"Nimesikia umekitengeneza. Nipime."

Sikuweza kumkatalia. Nilimlaza. Nikamtia matone ya ganzi. Kabla sijamwambia kitu aliunyoosha mkono wake juu, akasimamisha kidole gumba mbele ya uso wake, akakielekezea macho yote mawili, kama walivyomfundisha Mbeya, ili yasichezecheze. Nililiweka jicho la chuma mezani, nikahakiki, sifuri. Nikainama juu ya jicho lake la kulia, nikakisimamisha kipimo. Mshale haukusogea. Nikaongeza kijiwe cha uzito, nao ukabaki palepale. Jicho lake na lile la chuma yalikuwa yanasoma namba ileile.

"Sasa kinasema kweli?" aliuliza.

"Kinasema kweli, shangazi."

"Kinasemaje?"

Nilimwambia. Aliendelea kulala vile kwa muda, kidole bado kiko juu. Halafu akakishusha, akajifuta machozi ya dawa kwa upindo wa kitenge, akashuka kitandani polepole, akaniuliza mlango uko upande gani.